Nani Kasema Wafanyakazi Hawajali?

Nafundisha haki za kazi kwenye matawi ya vyama vya wafanyakazi, na kila semina hapakosi mtu wa kuniambia kuwa wafanyakazi wa siku hizi wamelala: mikutanoni hawaji, kura hawapigi, wamejikatia tamaa. Nalikataa hilo. Kwenye uchaguzi mkuu wa Tanzania wa 2010 walijitokeza kama asilimia 43 tu ya walioandikishwa. 2015 wakapanda hadi asilimia 67. Ndani ya miaka mitano taifa zima halibadiliki tabia. Safari ile wengi waliona kura yao inaweza kuamua jambo, wakapanga foleni. Mtu akiona kujitokeza kwake hakuzai kitu, anabaki nyumbani, na ana akili zake timamu.

Kwa hiyo sisi wa mrengo wa kushoto tunapaswa kuuliza: nani kapanga mambo hadi ionekane hakuna la kufanya? Viwandani, jibu limo ndani ya mkataba.

Chukua kiwanda chenye watu mia tatu. Mia ni waajiriwa wa kampuni yenyewe, mia wako chini ya wakala mmoja, yaani kampuni inayokodisha wafanyakazi, mia waliobaki chini ya wakala mwingine. Wote wanaingia geti moja, wanavaa ovaroli za rangi moja, wanaamrishwa na supavaiza yule yule. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakipa chama haki ya kujadiliana na mwajiri pale kinapowakilisha walio wengi. Sasa, wengi wa nani? Kampuni inasema hawa wa wakala si wangu. Wakala anasema ni wangu, lakini bei ya kazi napangiwa na kampuni. Chama kikipigana kikampata wakala, kinakuta mezani mtu asiye na fedha za kuongeza wala mamlaka ya kupunguza kasi ya mashine. Mwenye navyo vyote viwili hakai kwenye meza ile, na mkataba wa hali bora, yaani ule wa pamoja baina ya chama na mwajiri, haumgusi.

Halafu mikataba ya wakala mara nyingi ni ya miezi mitatu mitatu. Anayesema sana hafukuzwi, maana kumfukuza mtu kuna kesi. Mkataba wake unaachwa uishe, basi. Wenzake wanaona nafasi yake ina mtu mwingine Jumatatu, na hakuna anayehitaji kuelezwa. Ukija na fomu za chama wiki ile, watakuambia wako bize. Mgeni ataandika kwenye ripoti yake kwamba hawana mwamko.

Hali haikuwa hivi siku zote, na hapa historia ya pwani yetu inanigusa sana. Januari 1947 Mombasa ilisimama. Makuli wa bandari, watu wa reli, wa hotelini na watumishi wa majumbani, kama 15,000 hivi, waligoma karibu wiki mbili, wakikutana kila siku kwenye uwanja waliouita Kiembeni. Kutokana na mgomo huo African Workers' Federation, shirikisho la wafanyakazi Waafrika, ikapata nguvu, na kiongozi wake, Chege Kibachia, akakamatwa Agosti mwaka huo na kupelekwa uhamishoni Kabarnet, mbali bara. Septemba makuli wa Dar es Salaam nao wakagoma, na mgomo ukafuata reli hadi bara.

Wengi wa makuli hao walikuwa vibarua wa kutwa. Serikali ya kikoloni iliwaogopa kwa sababu hiyo hiyo: kibarua angeweza kuacha kazi leo akaishi, kwa kuwa alikuwa na shamba au jamaa wa kumlisha. Ndiyo maana miaka ya 1950 Mombasa ikawekwa orodha ya makuli, na asiyefikisha siku za kazi zilizotakiwa akafutwa. Walitaka mfanyakazi wa kudumu, aliyefungwa na mshahara. Leo shamba la kurudia halipo kwa wengi na foleni getini ni ndefu, kwa hiyo kampuni zimeugeuza mtego ule ule: ukibarua ndio unaomnyamazisha mtu.

Dola zetu huru nazo zina sehemu yao, hata ile niliyoiamini. Mwaka 1964 Tanganyika ilivunja shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, ikaunda NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote chini ya serikali, na katibu mkuu wake akawa Waziri wa Kazi mwenyewe. Kizazi kizima kikajua chama kama makato kwenye mshahara.

Basi kwenye matawi sianzi na hotuba. Nawaomba watafute dai moja linalowagusa watu wa mawakala wote wawili na wa kampuni pia: glavu, maji ya kunywa, basi la shifti ya usiku. Dai hilo linapelekwa siku moja, kwa barua yenye sahihi za makundi yote matatu, mlangoni kwa meneja wa kiwanda. Wakala hapelekewi barua, anapata nakala.