Mshumaa na Hewa ya Chumbani: Maswali Mliyouliza

Umeme ukikatika jioni, haichukui dakika tano mishumaa imeshasambaa nyumba nzima: mmoja sebuleni umegandishwa kwenye kisosi, wa pili jikoni juu ya kopo la maziwa, wa tatu chumbani kwa watoto. Maswali mengi niliyopokea safari hii yanahusu mishumaa hiyo. Wengi mnaniandikia "daktari". Mimi ni afisa afya wa mazingira. Kazi yangu ni kuingia majumbani na kukagua choo, maji, madirisha na moshi. Anayezidiwa simtibu mimi, namwambia awahi kituo cha afya.

Ni kweli mshumaa unamaliza hewa chumbani, hata mtu akafa usingizini?

Hili ndilo swali linaloongoza, na nadhani tumelirithi kwa bibi zetu. Tupige hesabu. Mshumaa wa kawaida unaunguza nta gramu 5 hadi 7 kwa saa. Kwa kazi hiyo unatumia oksijeni lita 15 hivi, karibu sawa na anayotumia mtu mzima aliyekaa ametulia. Kwa hiyo ukiwasha mshumaa ni kama umekaribisha mgeni mmoja chumbani. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye dari ya mita 2.5, kina oksijeni zaidi ya lita 4,500, na nyumba zetu zina mianya ya kutosha chini ya mlango na juu ya ukuta. Hewa haiishi.

Vifo vya usingizini tunavyovisikia msimu wa baridi, huko Makete au Limuru, mara nyingi vinatokana na jiko la mkaa lililoingizwa ndani ili kuota. Mkaa unaowaka taratibu hutoa kwa wingi gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mtu anahisi kichwa kinauma, anasinzia, haamki. Mshumaa unaowaka vizuri hutoa gesi hiyo kidogo sana.

Mshumaa huua kwa moto. Agosti 2009, katika Shule ya Sekondari Idodi mkoani Iringa, wasichana 12 walikufa bwenini, na chanzo kilichotajwa ni mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea usiku. Kwa hiyo mshumaa karibu na chandarua, pazia au godoro, hapana, hata kama dirisha liko wazi.

Kama hewa haiishi, basi ubaya wa mshumaa uko wapi?

Uko kwenye chembechembe. Jaribu hili nyumbani, halihitaji maabara. Washa mshumaa mahali pasipo upepo. Chukua kijiko cha chuma, kishike juu ya mwali kwa umbali wa kiganja. Baada ya nusu dakika kina joto, lakini kinang'aa karibu kama kilivyokuwa. Sasa kishushe mpaka kiguse ile sehemu ya njano, uhesabu moja, mbili, tatu, ukitoe. Cheusi tii.

Masizi hayo yalikuwemo ndani ya mwali muda wote. Ile njano inayotupa mwanga ni masizi yenyewe yaking'aa kwa joto. Mwali uliotulia huyateketeza yakiwa bado ndani, kwa hiyo hayatoki. Mwali unaoyumba hushindwa kuyamaliza, ukayaachia chumbani.

Hata mwali uliotulia hauko safi kabisa. Hutoa gesi ya naitrojeni dioksaidi, inayowasha njia ya hewa, na chembe ndogo mno, chini ya mikromita 0.1. Ukizipanga chembe za namna hiyo kwa mstari, utahitaji zaidi ya 500 ndipo zifikie unene wa unywele mmoja wa kichwa. Nywele za puani hazizinasi. Zinateremka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na baadhi huvuka na kuingia kwenye damu.

Kuna jambo linalowachanganya watu hapa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema vumbi laini hewani, lile la mikromita 2.5 kushuka chini, lisizidi wastani wa mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo kwa saa 24. Kipimo hicho ni cha uzito. Chembe za mwali uliotulia ni nyingi ajabu lakini nyepesi mno, kwa hiyo kifaa kinaweza kusoma namba ndogo huku chumba kimejaa chembe.

Tukiamka asubuhi puani mna weusi, na ukuta juu ya meza umechora alama nyeusi. Tunakosea nini?

Mshumaa wenu unayumba. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni utambi mrefu. Kadiri utambi unavyorefuka ndivyo unavyopandisha nta nyingi kuliko ile ambayo mwali unaweza kuiunguza, na ukiona kichwa chake kimevimba kama uyoga mweusi, jua tayari unatoa masizi. Kabla ya kuwasha, ukate kwa mkasi ubaki milimita 5 au 6. Najua hakuna anayetafuta mkasi gizani. Ikateni mishumaa mchana, iwekeni kwenye droo ikiwa tayari.

Sababu ya pili ni upepo, na hapa nakiri kwamba ushauri wetu huwa unawavuruga watu. Tunawaambia mfungue dirisha, mnafungua, kisha mnauweka mshumaa palepale dirishani, unacheza usiku kucha na kujaza masizi. Acheni dirisha wazi, ila mshumaa ukae kona ya mbali ambako upepo haufiki moja kwa moja. Feni inayotumia betri nayo msiielekeze kwake. Mwali ukisimama wima bila kutikisika, mmepatia.

Ule moshi mweupe wa kuzima una madhara?

Ule ni mvuke wa nta uliopoa na kuganda hewani, ndiyo maana una harufu ya mafuta. Ukipuliza mshumaa, utambi unabaki na kaa jekundu linaloendelea kupika nta bila mwali wa kuiunguza. Dakika hiyo moja inaweza kuchafua chumba kuliko muda mrefu wa mwali uliotulia. Ufunike kwa kopo la bati, au tumia kijiti kuuinamisha utambi kwenye nta iliyoyeyuka kisha uusimamishe tena. Mishumaa ya keki ya mtoto? Apulize, ndiyo furaha yake. Fungueni mlango, kateni keki.

Kijijini kwetu bado tunatumia kibatari. Mshumaa si afadhali?

Ni afadhali, tena kwa mbali. Kibatari, ambacho Wakenya wanakiita koroboi, ni kopo, utambi wa kitambaa na mafuta ya taa, basi. Mwaka 2012 watafiti waliopima taa za aina hii, zikiwemo zinazotumika Uganda, walikuta kwamba asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yanayoungua hugeuka masizi. Lita moja ya mafuta ya taa ina uzito wa gramu 800 hivi. Yaani kwa kila lita, gramu 60 hivi za unga mweusi zinabaki kwenye paa, kwenye neti na vifuani mwa waliokaa karibu. Mtoto anayefanya hesabu za shule ameinamia kibatari, uso wake uko sentimita 30 tu kutoka kwenye mwali. Chemli yenye kioo hutoa masizi machache zaidi, kwa sababu kioo kinautuliza mwali.

Ila siwashauri mhame kutoka kibatari kwenda kwenye mshumaa mkadhani mmefika. Taa ndogo ya sola haina moshi wala haiunguzi chandarua, na hela ya mafuta ya miezi michache huilipa. Mjini, balbu ya kuchaji inatosha. Mshumaa ubaki kuwa wa akiba.

Mwanangu ana pumu. Nisiwashe kabisa?

Ndiyo, mama, usiwashe chumba anacholala au anachokaa muda mrefu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus nchini Denmark, nchi ambayo watu wake hupenda sana mishumaa, waliwaweka vijana wenye pumu nyepesi katika chumba chenye hewa ya mishumaa inayowaka na siku nyingine chenye moshi wa mapishi, kwa saa 5 kila mara. Walikuta dalili za muwasho, na vipimo vikaonyesha mabadiliko ya uvimbe mdogo mwilini. Hao ni vijana wa miaka 18 hadi 25. Mtoto mdogo ana njia nyembamba za hewa na anapumua haraka kuliko mkubwa, kwa hiyo kwake nisingejaribu bahati.

Kama umeme umekatika na huna kingine, washa sebuleni na mlango wa chumba chake uufunge. Pampu yake iwe mahali unapoweza kuipapasa gizani. Akianza kukohoa mfululizo, kifua kikatoa mluzi au mbavu zikawa zinaingia ndani anapovuta pumzi, mpe dawa yake kama ulivyoelekezwa na mwende hospitali usiku huohuo. Msingoje umeme urudi.

Mishumaa ya harufu inayouzwa mitandaoni, ya soya na ya nta ya nyuki, si ni salama? Wauzaji wanasema haina sumu.

Muuzaji hawezi kuisema vibaya bidhaa yake. Mishumaa mingi ya bei nafuu ni ya parafini, nta inayotokana na mafuta ghafi, na hapo ndipo hofu ilipoanzia. Lakini nta yoyote, ya soya, ya nyuki au ya petroli, ikiungua vibaya hutoa masizi. Ubora wa utambi na utulivu wa mwali una uzito kuliko jina la nta lililoandikwa kwenye glasi.

Manukato ni habari nyingine. Ile harufu ya limau au ya maua ni kemikali zinazoruka hewani, hata kabla hujauwasha. Zikikutana na ozoni iliyomo hewani, baadhi hugeuka fomaldehaidi, ambayo huwasha macho na koo, na kwa kiwango kikubwa cha muda mrefu inajulikana kusababisha saratani. Mshumaa mmoja jioni moja haukufikishi huko. Lakini kuuwasha kila siku, sebule imefungwa kwa ajili ya kiyoyozi, ili kuficha harufu ya unyevunyevu? Tafuteni kwanza bomba linalovuja.

Sisi watu wa pwani tunafukiza udi na ubani, na usiku tunachoma dawa ya mbu. Mbona mnausakama mshumaa tu?

Swali hili nimelipenda, kwa sababu mwenye kuuliza amenikamata. Ukivipanga kwa moshi, mshumaa uko mwisho wa foleni. Dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya kuviringa, ilipimwa na utafiti uliochapishwa mwaka 2003: kuchoma moja mpaka iishe kulitoa vumbi laini sawa na la sigara 75 hadi 137. Udi na ubani navyo huungua bila mwali, yaani kwa kufuka, na kitu kinachofuka hutoa moshi mwingi kuliko kinachowaka. Ongeza kaa la moto ndani ya chetezo, na kaboni monoksaidi yake.

Simwambii mtu aache udi. Nimekulia nyumba inayofukizwa kila Ijumaa, na kanga ya mama yangu isiyonukia udi nisingeitambua. Ninachoomba ni mpangilio. Fukiza nguo na chumba mapema, madirisha wazi, watoto wakiwa nje. Moshi ukiondoka, harufu inabaki kwenye kitambaa, na harufu ndiyo uliyoitaka. Kwa mbu, chandarua chenye dawa kinafanya kazi usiku kucha bila kufuka. Usiku ambao umeme hakuna, usiviweke vyote vitatu chumba kimoja, mshumaa, udi na dawa ya mbu, halafu ukafunga madirisha kuogopa wezi. Vyumba vya namna hiyo nimeviingia saa 12 asubuhi. Unafungua mlango, macho yanakuchoma kabla hujasalimia.

Na kama jikoni mnapikia kuni au mkaa ndani, anzeni na hilo kabla ya yote niliyoandika hapa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, moshi wa majumbani unaotokana na nishati chafu ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na karibu nusu ya vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vitokanavyo na maambukizi ya mapafu, nimonia ikiwemo, vinahusishwa na moshi huo.

Nimesikia tambi za mishumaa mingine zina madini ya risasi. Nitajuaje?

Zamani baadhi ya tambi ziliwekwa waya wa risasi ili zisimame wima nta inapoyeyuka, na ukiungua risasi ilipaa hewani. Marekani ilizipiga marufuku mwaka 2003. Mishumaa mingi ya sasa ina utambi wa pamba mtupu. Kama una wasiwasi, ubandue uzi kwenye ncha ambayo haijawashwa. Ukikuta waya ndani, usugue kwenye karatasi nyeupe. Ukiacha mchoro wa kijivu kama wa penseli, usiuwashe.