Kutengeneza upya filta ya oili na ya petroli ya Land Rover Series IIA

Land Rover Series IIA yenye injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 bado inachapa kazi mashambani na milimani kwetu. Filta yake ya oili si kopo lililozibwa kabisa ambalo hufunguliwa kutoka kwenye injini na kutupwa zima, bali ni kopo la chuma linaloshikiliwa na bolti ndefu ya katikati, na ndani yake hukaa kiini cha karatasi yenye mikunjo. Kiini hicho ndicho kinachobadilishwa. Vilivyo bora bado vinatengenezwa, lakini havifiki kila mji, na miaka michache iliyopita nilifungua kopo la gari la mteja baada ya kilomita 800 tu, nikakuta kifuniko cha chini cha kiini kipya kimebanduka chote. Oili ilikuwa imepita pembeni muda wote huo bila kuchujwa. Tangu siku hiyo, nisipopata kiini ninachokiamini, natengeneza mwenyewe.

Watu wengi huniuliza kwanza kuhusu karatasi, ilhali mimi hutazama kwanza sehemu za kuzibia. Oili huingia kopo kwa nje ya kiini, hupenya karatasi kuelekea ndani, kisha hutoka kupitia bomba lenye matundu na kwenda kwenye beringi za kranki. Oili hufuata njia iliyo rahisi zaidi. Ukiacha mwanya mdogo kati ya kifuniko cha kiini na kichwa cha filta, yaani sehemu iliyo kwenye injini ambako kopo hufungwa, sehemu kubwa itapita hapo, na karatasi nzuri kiasi gani haitasaidia kitu.

Hata hivyo karatasi nayo ina masharti yake. Karatasi ya filta hulowekwa katika resini ya fenoli, aina ya utomvu wa viwandani unaogeuka mgumu, na kuokwa, ndiyo maana haiyeyuki katika oili yenye joto la nyuzi 100 wala katika matone ya maji yanayojikusanya injini inapopoa. Karatasi ya kawaida hulainika, huchanika, na nyuzi zake huziba njia za oili. Nimewahi kuletewa injini ambayo fundi alikuwa amejaza kopo kwa karatasi ya chooni, kwa sababu alisikia kwamba ziko filta zinazotumia karatasi hiyo. Ni kweli ziko, lakini hizo hufungwa kwenye mkondo wa pembeni, ambako oili kidogo tu huchujwa taratibu na kurudi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Katika injini hii oili yote hupita kwenye filta kabla ya kufika kwenye beringi, kwa hiyo karatasi nzito mno huzuia mtiririko, hasa asubuhi ya baridi oili ikiwa nzito, na hapo ama kiini hubonyea ama beringi hukosa oili.

Kwa sababu hiyo nachukua karatasi kutoka kwenye filta mpya ya oili ya lori, iliyokusudiwa kuchuja oili yote, wala sigusi filta ya kuchujia mafuta ya dizeli, kwa kuwa karatasi yake ni nzito kupita kiasi kwa kazi hii. Nakata mikunjo kwa wembe mpya kufuata kimo cha kiini cha zamani, kisha nahesabu eneo: mikunjo 60, yenye kina cha sentimita 1.5 na kimo cha sentimita 10, hutoa sentimita za mraba 1,800, kwa kuwa kila mkunjo una pande mbili. Nikipata eneo dogo kuliko la kiini cha asili, naongeza mikunjo. Bomba la katikati nalitengeneza kwa bati lenye matundu, na vifuniko viwili vinakerezwa kwa bati la milimita 0.8. Gundi ni epoksi inayokauka polepole na kuhimili joto la nyuzi 150. Ile inayokauka kwa dakika tano hulainika mapema, na nadhani ndiyo aina iliyotumika kwenye kile kiini kilichobanduka.

Kabla ya kukifunga nakipima. Naziba upande mmoja, nakizamisha katika mafuta ya taa mpaka karatasi iloe kabisa, kisha naingiza hewa kidogo sana ndani yake huku nikikizungusha. Mapovu ya kwanza yakitoka kwenye maungio ya gundi, kiini hicho kimeshindwa. Yakitokea juu ya karatasi yenyewe, na baada ya kuongeza hewa, kimefaulu.

Wakati wa kufunga, kosa linalorudiwa sana ni kuacha mpira wa zamani ndani ya mfereji wa kichwa cha filta na kuweka mpya juu yake. Ule wa zamani huwa umegeuka mgumu na mweusi hata ukadhaniwa ni chuma, kwa hiyo nautoa kwa sindano butu. Kisha nazungusha injini kwa mkono wa kuwashia, kiwashio kikiwa kimezimwa, ili oili ijae kopo kabla ya moto. Viini hivi nabadilisha kila kilomita 3,000.

Kwa upande wa petroli kazi ni nyepesi. Pampu ya petroli ya AC (hilo ni jina la mtengenezaji) ina bakuli la kioo na wavu wa shaba nyeupe; maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hutulia chini na huonekana kwa macho. Wavu mpya naukata kwenye wavu wenye nyuzi 100 kwa inchi, ambao matundu yake ni kama milimita 0.15, na gasketi naitengeneza kwa mpira wa nitrili, kamwe si silikoni, ambayo huvimba ndani ya petroli. Anayetaka mchujo mwembamba zaidi aweke filta ya karatasi baada ya pampu, kabla ya kabureta. Ikiwekwa upande wa kunyonya, pampu huvuta kwa shida, na katika joto la pwani petroli hugeuka mvuke ndani ya paipu na gari huzimika mlimani. Wiki mbili za kwanza nalitazama bakuli kila asubuhi. Kutu nyekundu ikizidi kujikusanya, naliteremsha tangi na kulisafisha.