Mkuu wa kaya ni nani? Swali lililonifundisha sosholojia

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haitulii. Wazazi wa Newala, Masasi mpaka Nachingwea wananiuliza jambo moja: mtoto amepata nafasi ya kusoma sosholojia chuo kikuu, aende au asiende? Wengi wameshaambiwa kuwa hiyo ni kozi nyepesi ya maneno matupu. Mimi nimeisoma miaka mitatu, na leo ni afisa maendeleo ya jamii huku huku kusini mwa Tanzania. Naomba nijibu kwa urefu.

Sosholojia inachunguza namna watu wanavyoishi pamoja: wanavyooana, wanavyorithishana, wanavyopeana amri na wanavyogombana. Ugumu wake hauko kwenye majina ya wanazuoni, maana majina yanakaririka. Mwaka wa kwanza utakutana na Marx, Durkheim na Weber. Ukibahatika kupata mwalimu mzuri atakurudisha nyuma zaidi, kwa Ibn Khaldun wa Afrika Kaskazini, ambaye mwaka 1377 alieleza jinsi mshikamano wa kikundi, aliouita asabiyya, unavyojenga dola na unavyolegea watu wakishazoea raha za mjini. Durkheim mwaka 1893 aliandika juu ya kinachowashikanisha watu ambao kila mmoja ana kazi yake. Aliyekulia kijijini akahamia Mtwara mjini atayaelewa hayo vizuri tu. Kazi ngumu ni kuuliza swali litakalokuletea jibu la kweli.

Mimi hilo nililijua nikiwa mwaka wa pili, kwenye mafunzo ya vitendo. Nilipangiwa kijiji kimoja cha uwanda wa juu wa Makonde, na nilikwenda na dodoso nililoliandaa chuoni. Nyumba ya kwanza nilimkuta bibi mmoja amekaa kwenye mkeka chini ya mwembe, anabangua korosho. Alikuwa akichovya vidole kwenye majivu ili mafuta ya ganda yasimuunguze, anagonga mara moja, punje inatoka nzima. Nikamwamkia, akanikaribisha, nikakaa. Maswali matatu ya mwanzo yalikwenda vizuri. La nne lilisema: mkuu wa kaya hii ni nani?

"Mkuu wa nini, mjukuu wangu?"

Nikamweleza kwamba kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Akafikiri, kisha akasema: "Nyumba hii yangu mimi. Shamba hili la ukoo wetu, nimeachiwa na mama. Mikorosho ile kule kapanda marehemu mume wangu, wanavuna watoto wake. Posa ikija hapa, anaitwa kaka yangu kutoka Mahuta, bila yeye hakuna neno. Pesa ya mboga analeta mkwe wangu. Sasa wewe unamtaka nani?"

Dodoso lilikuwa na mstari mmoja tu wa kujaza. Niliandika jina la mkwe, kwa sababu ndiye mwanamume mzima pekee aliyelala pale. Nikaendelea hivyo nyumba hadi nyumba kwa wiki mbili.

Niliporudi chuoni, mwalimu wangu alizipitia karatasi zote kimya, halafu akaniuliza: "Ulitafuta wakuu wa kaya au ulitafuta wanaume?" Sikuwa na jibu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi ni mtoto wa huko huko. Kwetu, kwa Wamakonde, kama kwa Wamakua na Wayao, ukoo kwa asili unafuatwa kwa mama, na ada yangu ya sekondari alilipa mjomba kila alipouza korosho. Hayo yote nilikuwa nayajua tangu utotoni. Lakini niliposhika karatasi yenye neno "mkuu", niliyaweka pembeni, nikaanza kuitazama nyumba ya bibi yule kwa macho ya karatasi.

Dodoso lilibidi lifumuliwe. Lile swali moja tulilivunja yakawa manne: nani anaamua korosho ziuzwe lini, nani anashika pesa zikishalipwa, nani anaitwa kukiwa na posa au msiba, na shamba litabaki kwa nani. Kwa lugha ya darasani, hapo unaigeuza dhana kuwa viashiria, yaani vitu ambavyo mtu anaweza kukujibu bila kukisia unachotaka. Majibu yaliyokuja safari ya pili yalikuwa mengine kabisa. Nyumba moja ingeweza kuwa na majina matatu tofauti kwenye maswali hayo manne.

Na hapo ndipo utafiti ulipoanza kunoga. Mkorosho ni mti wa miaka mingi, unamzidi umri hata aliyeupanda. Mwanamume akipanda mikorosho kwenye ardhi ya ukoo wa mke wake, ardhi inabaki upande wa mama, lakini miti ni jasho lake na angependa watoto wake waipate. Kama mikorosho ameipanda kwenye ardhi ya ukoo wake mwenyewe, wapwa nao wanaitazama kuwa ni haki yao. Juu ya hapo kuna mirathi ya Kiislamu, ambayo ina mafungu yake, na kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inayompa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Shamba moja linakuwa na kanuni tatu. Ugomvi unaoletwa baraza la kijiji kama tamaa ya fulani, mara nyingi ni kanuni hizo zinagongana. Kumlaumu mtu ni rahisi, ila hakumalizi kesi ya jirani yake, wala ya mwakani.

Mwanasosholojia Mmarekani C. Wright Mills alilieleza jambo hili mwaka 1959. Katika mji wa watu 100,000 akikosa kazi mtu mmoja, alisema, hiyo ni shida yake, chunguza tabia na ujuzi wake. Wakikosa milioni 15 katika nchi ya wafanyakazi milioni 50, hilo ni suala la umma. Huku kwetu mimi naliona kwenye ada. Mzee mmoja akishindwa kulipa ada ya mtoto, zungumza na mzee. Kijiji kizima kikishindwa mwaka huo huo, nenda kaulize mnada wa korosho ulikwendaje, malipo ya stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kuweka mazao ghalani yauzwe ndipo mkulima alipwe, yalichelewa kiasi gani, na wanunuzi wa korosho ghafi kutoka nje walitoa bei gani.

Kuhusu ajira sitawaficha wazazi. Kuna halmashauri, mashirika, miradi ya utafiti, lakini nafasi ni chache na kusubiri kunaweza kuchukua miaka. Anayetaka uhakika wa kazi mara tu anapomaliza, ana sababu nzuri ya kuchagua kingine. Ila uzito wa kazi yenyewe ni mkubwa. Kaya hizo hizo ndizo zinazohesabiwa kwenye sensa, na ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.6 mkoa wa Mtwara peke yake. Ndizo zinazoandikishwa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Neno moja likikosewa kwenye fomu, kuna bibi ambaye jina lake halitaonekana mahali popote, na mimi niliwahi kuliacha jina la bibi wa namna hiyo.

Kwa mdogo wangu unayejiandaa kwenda: takwimu zipo, na zina uzito kuliko ulivyoambiwa, kwa hiyo daftari lako la hesabu la kidato cha nne usiligawe. Vyuo hufunguliwa msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, wazazi wakiwa shambani au kwenye foleni ya chama cha msingi cha ushirika. Kabla hujapanda basi, kaa na bibi yako siku moja, umuulize shamba lile lilifikaje mikononi mwake. Andika anavyosema, kwa maneno yake, hata kama hayajai kwenye mstari mmoja.