Ayubu hakujiletea msiba kwa kuogopa

Wiki hii tena. Mama mmoja wa usharika wetu hapa Dar kalazwa, kesho yake anaingia upasuaji, na waombaji waliofika kabla yangu wamemwachia neno: "Ukiogopa tu, umemfungulia shetani mlango. Mkumbuke Ayubu." Nimemkuta anasokota pindo la kanga. Upasuaji wenyewe kausahau, sasa anaogopa kuogopa. "Mchungaji, nikitetemeka kule ndani itakuwaje?"

Basi tulimalize hili la Ayubu, maana nimechoka kulisikia.

Mstari unaotumika ni 3:25: "Maana jambo hilo nichalo hunipata, nalo linitialo hofu hunijilia." Ukiuchomoa peke yake unafaa kumtishia mtu yeyote. Lakini sura ya 3 ina sura mbili kabla yake, na humo msomaji ameshaonyeshwa msiba ulikoanzia: mazungumzo ya mbinguni ambayo Ayubu hakuyasikia hata kidogo. Shetani hajisifu pale kwamba kaona hofu, kapata upenyo. Analalamika kinyume chake, kwamba mtu huyu amezungushiwa ukigo pande zote.

Nikifika hapo hujibiwa 1:5: kwani zile sadaka za asubuhi alizowatolea watoto wake, wasije wakawa wametenda dhambi, hazikuwa za woga? Haya, na zilikuwa za woga. Shuka mpaka mstari wa 8. Mungu anamsifu mtu huyohuyo, mwenye sadaka hizohizo, kuwa mkamilifu na mwelekevu. Ingekuwa hofu yake ndiyo mlango, hapo ndipo pangekuwa pa kusemea. Kinachofuata sura kwa sura ni marafiki watatu wenye uhakika mkubwa kwamba mwenzao kajitakia, na katika 42:7 hasira ya Mungu inawawakia wao. Kwa hiyo ukisimama kando ya kitanda ukamwambia mgonjwa hofu yake ndiyo iliyomlaza, uko upande wa Elifazi, mmoja wa marafiki hao. Angalau Elifazi na wenzake walianza kwa kukaa kimya siku saba.

Na ile "Mungu hakutupa roho ya woga" ya 2 Timotheo 1:7, wanayoikemea nayo hofu ya mgonjwa, haraka tu. Paulo anamhimiza Timotheo asiuonee haya ushuhuda wala asimwonee haya yeye mfungwa. Hazungumzii mapigo ya moyo. Mwandishi huyohuyo anawaambia Wakorintho kwamba alikuwa kwao katika udhaifu na hofu na matetemeko mengi. Mkemeeni na yeye. Gethsemane sitaigusa, asiyeona hofu ya Yesu katika Marko 14 hataki kuiona.

Imani hii ina ndugu yake: kujihadhari ni kutomwamini Mungu. Mto Msimbazi ukifurika Jangwani, atakuwapo wa kusema anayehamisha godoro na watoto mapema kakosa imani. Someni Matendo 27, Paulo akiwa mfungwa katika merikebu iliyokumbwa na dhoruba. Malaika kamwambia Paulo wazi kwamba hakuna atakayepotea, ni merikebu tu. Ahadi gani inazidi hiyo? Usiku mabaharia wanashusha mashua wakijifanya wanakwenda kutia nanga, na Paulo anamwambia akida: "Hawa wasipokaa ndani ya merikebu hamtaweza kuokoka." Ahadi iko palepale, na bado mabaharia wanahitajika. Kisha anawabembeleza watu wote wale chakula, wanatupa ngano baharini, wanafika pwani wengine wakiogelea, wengine wameshika mbao. Ubao nao ulikuwa sehemu ya jibu la maombi.

Sisi Walutheri hatuna hata kisingizio. Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, mji wake kule Ujerumani, Luther alibaki kuhudumia wagonjwa, na akaandika barua ndefu kuhusu kukimbia au kubaki. Humo anawakemea wanaokimbia na kuwatelekeza jirani zao, na vilevile anawakemea wanaodharau dawa na kusogelea hatari wakidhani huko ndiko kumtumaini Mungu. Anasema huko ni kumjaribu Mungu. Yesu alijibu hivyohivyo aliponukuliwa Zaburi ya 91 juu ya kinara cha hekalu, na mnakumbuka aliyekuwa akinukuu ni nani.

Sasa sehemu ambayo mimi mwenyewe sina jibu lake. Matendo 12: Herode anamuua mtume Yakobo kwa upanga. Mistari michache mbele, Petro anatolewa gerezani na malaika, minyororo inaanguka. Kanisa ni lilelile, Mungu ni yuleyule, sura ni hiyohiyo. Nimewahi kuhubiri kwamba kila mmoja alikuwa na kusudi lake, na washarika wakaitikia amina. Ni kweli, sidhani nimekosea. Lakini nenda kamwambie mama yake Yakobo. Luka, mwandishi wa Matendo, hafafanui. Anaandika kifo kwa mstari mmoja na kuendelea. Anayetaka kuniambia Yakobo alikufa kwa sababu aliogopa, anionyeshe mstari.

Ndiyo maana wodini simtamkii mtu "utapona" kana kwamba nimekabidhiwa barua. Nasoma Zaburi 56:3, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe", hofu na tumaini katika pumzi moja, la mtu aliyekamatwa na Wafilisti. Tunaomba. Halafu nauliza kama damu ya akiba imepatikana, na watoto wanalala kwa nani.