Maksi 52 zinaficha nini?

Chukua wanafunzi wawili wa uhandisi ujenzi hapa Dodoma. Wote wamepata 52 katika somo la udongo na misingi. Wa kwanza anakokotoa uwezo wa udongo kubeba mzigo bila kukosea, ila udongo wa mbuga, ule mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, haujui hata akiukanyaga. Wa pili anajua kila kitu nusunusu. Mzazi akiangalia matokeo anaona daraja moja. Mwajiri pia. Atakayewatofautisha ni mwenye nyumba, kuta zikishaanza kufunguka.

Hiyo ndiyo kasoro ya wastani: unamruhusu mtu afidie asichokijua kwa anachokijua. Dereva hapewi leseni kwa kuwa honi anaipiga vizuri ingawa breki zinamshinda.

Kuna kasoro ya pili, na hii wanafunzi wanaijua kuliko sisi walimu. Katika vyuo vyetu vingi kazi za muhula hubeba 40 na mtihani wa mwisho 60. Aliyepata 6 kati ya 20 kwenye testi ya Novemba, kisha akakaa chini akaielewa mada barabara ifikapo Januari, bado ile 6 inamfuata. Tunamkata kwa kuchelewa kuelewa, wakati tunachopaswa kupima ni kama ameelewa.

Njia mbadala si ngeni. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, kila mmoja kwa upande wake, waliandika kuihusu: Benjamin Bloom, na Fred Keller aliyekuwa ameshiriki kuandaa kozi ya namna hiyo katika Chuo Kikuu cha Brasília, Brazili. Kwa Keller, somo lilikatwa vipande. Hupiti kipande cha pili kabla ya kukimudu cha kwanza, na ukishindwa unarudia bila kuadhibiwa.

Kwa kozi ya uhandisi, mwalimu huorodhesha stadi, tuseme kumi na mbili, na kuzitangaza wiki ya kwanza: kuchora mchoro wa momenti wa boriti, yaani unaoonyesha mzigo unavyoipinda, kuchagua nondo, kusoma ripoti ya udongo. Kila stadi ina jibu moja kati ya mawili, umeimudu au bado. Asiyeimudu hupewa swali jingine la stadi hiyohiyo baada ya wiki mbili, lenye namba na umbo tofauti, maana akirudishiwa lilelile atakuwa amekariri tu. Daraja linatokana na idadi ya stadi alizozimudu, na zile zinazogusa usalama wa watu hazina mbadala.

Wenzangu huniambia huku ni kugawa maksi bure. Mimi naona ni kinyume. Katika usahihishaji wa kawaida tunatoa maksi za hatua, yaani kila hatua sahihi inalipwa hata jibu likiwa si sahihi. Nami nimewahi kumpa mtu 7 kati ya 10 kwa boriti ambayo ingeanguka siku ya kwanza. Kwenye mfumo huu boriti ile ingepata "bado", basi.

Hoja nzito ni wingi. Darasa la wanafunzi 180 likirudia kila kitu, mwalimu hatalala. Ndiyo maana anayerudia hurudia stadi iliyomshinda pekee, swali la dakika kumi na tano, na jibu la umeimudu au bado husahihishwa haraka kuliko kubishana na nusu maksi. Keller aliwatumia pia wanafunzi waliokwisha kufaulu kusahihisha na kuwaelekeza wenzao, jambo ambalo wanafunzi wetu wanalifanya kila usiku kwenye vyumba vya hosteli bila kuombwa.

Kanuni za mtihani wa mwisho habadilishi mwalimu mmoja peke yake. Zile 40 za muhula, hata hivyo, mara nyingi mgawanyo wake uko mikononi mwake, na hapo panatosha kuanzia, hata kwa stadi nne. Mwanafunzi naye asisubiri: karatasi ya testi ikirudi, aache kwanza kujumlisha maksi, aandike pembeni ni stadi ipi iliyomwangusha, kisha aende nayo ofisini kwa mwalimu.