Chati ya wiki ya gemu Japani: inahesabu nini, inaacha nini

Kila Alhamisi jarida la Famitsu la Tokyo hutoa jedwali la namba. Upande mmoja zimo gemu zilizouzika zaidi nchini Japani katika wiki iliyoishia Jumapili. Upande wa pili zimo mashine zenyewe: Switch ngapi, PlayStation ngapi, Xbox ngapi. Siku haijaisha, namba hizo zimeshazunguka dunia na mashabiki wameshaanza kutambiana, huyu kamwacha yule, kampuni fulani imekwisha. Jedwali hilo ndilo chati ya mauzo ya wiki.

Kwa maneno machache, chati hii ni makadirio ya maboksi ya gemu na mashine yaliyonunuliwa madukani Japani kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Ni makadirio, ni ya maboksi, ni ya madukani, na ni ya Japani pekee. Ugomvi mwingi unaozuka juu yake hutokana na mtu kusahau mojawapo ya mipaka hiyo.

Kila mstari wa jedwali una nafasi ya gemu, mashine inayochezewa, jina, kampuni iliyoitoa na tarehe ilipotoka, kisha namba mbili: mauzo ya wiki hiyo na jumla tangu itoke. Macho ya wengi huishia kwenye nafasi, nayo ndiyo yenye habari chache kuliko zote. Wiki iliyopoa, gemu inaweza kuongoza kwa nakala ambazo mwezi wa Desemba zisingeifikisha hata tano bora. Desemba kuna zawadi za Krismasi. Januari huja na hela za mwaka mpya, ambazo watoto wa Japani hupewa na jamaa zao ndani ya bahasha ndogo, na sehemu nzuri ya hela hizo huishia kwenye maduka ya gemu. Zipo pia likizo za mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, na za Agosti. Machi nayo hujaa gemu mpya kwa sababu mwaka wa fedha wa kampuni nyingi za Japani unafungwa tarehe 31 ya mwezi huo, na wakubwa wanataka mauzo yaingie kwenye hesabu kabla vitabu havijafungwa.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, ambaye gemu kwake ni kibanda cha PS na mechi za mpira, huenda akashangaa. Sony, yenye PlayStation, ni kampuni ya Japani, lakini chati ya nyumbani kwake imejaa Nintendo, yenye Switch. Imewahi kutokea nafasi zote 30 zikashikwa na gemu za Switch. Xbox mara nyingi huuza mashine mamia tu kwa wiki nzima. Na kwenye gemu za michezo, besiboli ya kampuni ya Konami ina wateja wake wa kudumu. Wajapani wamependa mashine ya kubebeka, kama ilivyo Switch, tangu enzi za Game Boy: inachezwa kwenye treni, inachezwa kitandani, na mtoto hagombanii televisheni ya sebuleni na wazazi wake.

Sasa hizo namba zinapatikanaje? Famitsu, ambalo lilianza kuchapishwa 1986, hukusanya takwimu kutoka maduka yanayoshirikiana nalo, kisha hukadiria mauzo ya nchi nzima. Kwa miaka mingi kampuni ya Media Create na jarida la Dengeki nao walikuwa na chati zao, na gemu ileile, wiki ileile, ilipewa namba tofauti na kila mmoja. Hakuna aliyekuwa akidanganya. Kila mmoja alikuwa na maduka yake na njia yake ya kukadiria. Ndiyo maana mimi huzungusha namba hizi bila kusita. Animal Crossing: New Horizons ya Nintendo iliandikwa kuwa imeuza nakala 1,880,626 katika siku zake tatu za kwanza, Machi 2020. Hao 626 wa mwisho ni mapambo tu. Milioni 1.9 inatosha.

Na tazama hapo: siku tatu. Ile inayoitwa wiki ya kwanza karibu kamwe si wiki. Gemu nyingi za Japani hutoka Alhamisi, hivyo mpaka hesabu inafungwa Jumapili zimekuwa madukani siku nne. Enzi za Switch ya kwanza Nintendo ilipenda kutoa gemu zake nyingi kubwa Ijumaa, siku moja na dunia nzima, zikabaki na siku tatu. Ukilinganisha wiki ya kwanza ya gemu ya Alhamisi na ya gemu ya Ijumaa bila kulisema hilo, umeshampunja mmoja. Kuna kisa maarufu kuhusu siku ya kutoa gemu. Dragon Quest III, gemu ya mfululizo wa hadithi unaopendwa sana Japani, ilitoka Jumatano, tarehe 10 Februari 1988, foleni zikafunga mitaa na wanafunzi wengi wakatoroka shule kwenda kuinunua. Tangu hapo inasimuliwa kwamba Japani ina sheria inayokataza gemu za Dragon Quest kutoka siku ya shule. Sheria hiyo haipo. Ilikuwa ni kampuni yenyewe kuchagua siku za mapumziko, nayo siku hizi haishikilii tena utaratibu huo: toleo jipya la Dragon Quest III lilitoka Alhamisi, Novemba 2024.

Jambo ambalo ningemshauri mtu aliangalie kwanza ni wiki ya pili. Japani, gemu kushuka kwa theluthi mbili au zaidi kutoka wiki ya kwanza kwenda ya pili ni kawaida kabisa, na anayetangaza kwamba imeanguka kwa sababu hiyo hajaielewa biashara ya huko. Kwanza, wanunuzi sugu huweka oda wiki au miezi kabla, wakivutwa na zawadi ndogo zinazotolewa kwa nakala za mwanzo. Siku ya kutoka inakusanya mahitaji ya miezi mitatu kwa mpigo mmoja. Pili, soko la gemu zilizotumika ni kubwa na ni halali. Kampuni zilijaribu kulizuia mahakamani, na mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Japani ikaamua kwamba maduka yana haki ya kuziuza. Kwa hiyo wako wanaonunua gemu ya hadithi Alhamisi, wanaikimbiza mpaka mwisho, kisha wanairudisha dukani wakati bei yake bado iko juu. Wiki ya pili au ya tatu, mnunuzi aliyechelewa anaikuta nakala iliyotumika kando ya mpya, kwa bei nafuu. Akiichukua hiyo, chati haimwoni.

Sababu ya tatu iko upande wa mwenye duka. Japani, kwa kawaida duka likishanunua gemu kutoka kwa msambazaji halina pa kuirudisha. Mwenye duka anaagiza kwa hofu, akiangalia oda alizonazo mkononi na namna gemu iliyotangulia ya mfululizo huo ilivyouzika. Akiagiza chache, zinakwisha Ijumaa na wateja wanahamia kwa jirani. Akiagiza nyingi, anabaki na rundo ambalo litaishia kwenye kapu la bei ya kutupa karibu na mlango, na kapu hilo mashabiki wa Japani wanalijua vizuri, gemu ikitajwa pamoja nalo imetukanwa. Media Create walikuwa wakieleza, pamoja na mauzo, asilimia ya shehena ya kwanza iliyouzika. Hiyo ilikuwa namba tamu. Gemu iliyouza nakala elfu themanini kati ya tisini elfu imefurahisha kila mtu. Iliyouza elfu themanini kati ya laki mbili imeacha majeraha, na gemu itakayofuata maduka yataagiza kidogo, kwa hiyo itauza kidogo, hata ikiwa nzuri zaidi. Chati huonyesha namba ileile kwa zote mbili.

Kinyume cha hizo zinazolipuka na kuzimika ni zile zinazopanda polepole, na hapa ndipo chati inapopendeza kuisoma kwa miezi badala ya siku. Yo-kai Watch ya kampuni ya Level-5 ilitoka Julai 2013 kwenye Nintendo 3DS, ikauza kama nakala elfu hamsini na tatu mwanzoni. Haikuwa aibu, lakini haikuwa habari ya gazetini. Januari 2014 katuni yake ikaanza kuonyeshwa kwenye televisheni. Gemu ambayo kwa desturi ingekuwa imeshasahaulika ikaanza kupanda, wiki baada ya wiki, mpaka ikavuka nakala milioni moja. Yo-kai Watch 2 ilipotoka Julai 2014 iliuza zaidi ya milioni 1.2 katika siku zake za kwanza tu. Aliyekuwa akifuatilia chati za Februari na Machi za mwaka huo hakushtuka.

Ring Fit Adventure, gemu ya mazoezi ya mwili, ilianza Oktoba 2019 na nakala chini ya elfu sabini. Kisha ikaja korona, watu wakakaa majumbani, na boksi lile likawa adimu kiasi cha kulanguliwa kwa bei za ajabu. Imevuka milioni tatu. Nayo Mario Kart 8 Deluxe, iliyotoka Aprili 2017 na nakala karibu laki mbili na elfu themanini, ilikaa kwenye chati miaka nenda miaka rudi mpaka ikapita milioni sita. Kila familia iliyonunua Switch iliondoka dukani na gemu hiyo, au na Minecraft. Hizi ni gemu ambazo hazishindani na gemu mpya. Zinafuata mauzo ya mashine, zikipanda na kushuka nayo.

Upande wa mashine una mtego wake mwingine. Wiki ambazo bidhaa ni adimu, namba haielezi watu wangapi waliitaka mashine, inaeleza kiwanda kilileta ngapi. PS5 ilianza Novemba 2020 na takriban mashine laki moja na kumi na nane katika siku nne, na kwa miaka miwili iliyofuata ilipanda na kushuka kulingana na mizigo iliyofika, huku walanguzi wakizinyakua. Nintendo ilijipanga tofauti kwa Switch 2. Ilisubiri ijaze maghala, na mashine ilizokuwa inauza kwenye duka lake yenyewe ilizipitisha kwenye bahati nasibu, ambayo rais wa kampuni, Shuntaro Furukawa, alisema ilipata waombaji wapatao milioni 2.2 Japani pekee. Mashine ilipotoka tarehe 5 Juni 2025, Famitsu liliandika 947,931 kwa siku nne.

Bei nayo huacha alama kwenye chati. PS5 ya kawaida ilianza kwa yen 54,978 pamoja na kodi, na kufikia Septemba 2024 ilikuwa imepanda hadi yen 79,980, sababu kubwa ikiwa ni yen iliyodhoofika. Nintendo ilikwepa kwa kutengeneza Switch 2 ya lugha ya Kijapani tu kwa yen 49,980, wakati ile ya lugha zote iliuzwa yen 69,980. Novemba 2025 Sony nayo ikafuata njia hiyohiyo, ikatoa PS5 ya Kijapani tu, isiyo na sehemu ya diski, kwa yen 55,000.

Yaliyobaki ni yale ambayo chati haiyagusi, na hayo yameongezeka kiasi kwamba kuisoma kama picha ya soko zima ni sawa na kuhesabu wasafiri wa mji kwa kukaa kituo cha daladala bila kutazama bodaboda. Gemu inayopakuliwa kwenye duka la mtandaoni la mashine haimo. Splatoon 3 ndiyo mfano ninaoupenda, kwa sababu namba zote mbili zipo: katika siku tatu za kwanza, Septemba 2022, Famitsu lilihesabu maboksi karibu milioni 1.93, wakati Nintendo ilitangaza milioni 3.45 Japani, ikijumuisha zilizopakuliwa. Nakala milioni moja na nusu hazikuonekana kwenye chati ya wiki hiyo. Wanaochezea kwenye kompyuta kupitia Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hawamo pia, hivyo gemu kama Monster Hunter Wilds ya 2025 ilihesabiwa kwa wachezaji wake wa PS5 peke yao. Simu nazo haziguswi kabisa, licha ya kwamba Puzzle & Dragons, Monster Strike na Fate/Grand Order zimeingiza Japani fedha ambazo gemu nyingi za maboksi haziwezi kuziota.

Kwa hiyo mtu anapochukua mauzo ya wiki ya kwanza ya Dragon Quest IX ya 2009, akayaweka kando ya gemu ya mwaka huu, kisha akasema Wajapani wameacha kununua gemu, amelinganisha mwaka ambao karibu kila nakala ilikuwa boksi na mwaka ambao sehemu kubwa ya nakala haina boksi. Kwa miaka iliyoachana namna hiyo, upande wa mashine ndio unaofaa zaidi kulinganishwa, maana mashine haipakuliwi.