Geto la Venice: Mtaa Uliokua kwenda Juu

Kijana wa Dar es Salaam anayekiita chumba chake cha kupanga "geto" analitaja, pengine bila kujua, jina la kisiwa kidogo cha eneo la Cannaregio, mjini Venice, ambako zamani palikuwa na kiwanda cha kusubu shaba. Jina la mahali lilitokana na kazi hiyo. Tarehe 29 Machi 1516 Seneti ya Venice iliamuru Wayahudi wakaishi humo. Usiku malango yalifungwa, na walinzi Wakristo walilipwa kwa fedha za Wayahudi wenyewe.

Katika miaka yangu ya kusoma historia ya majengo sijaona mtaa ambao sheria imejiandika kutani waziwazi namna hii. Wayahudi walikatazwa kumiliki nyumba, na kodi yao ilizidi kwa theluthi moja ile waliyolipa wapangaji Wakristo waliohamishwa ili kuwapisha. Watu wakaongezeka ilhali kisiwa ni kilekile, basi nyumba zikapandishwa ghorofa juu ya ghorofa, nyingine zikafikia saba na zaidi, na dari zikashushwa mno ili kila kimo kitoe vyumba vingi. Ukisimama uwanjani utaona jinsi safu za madirisha zilivyobanana.

Hata sinagogi ziliwekwa ghorofa za juu, kwani desturi haipendi makazi ya watu yawe juu ya mahali pa sala. Scola Grande Tedesca, sinagogi ya Wayahudi wa asili ya Kijerumani iliyojengwa 1528, hutambulika kwa madirisha yake matano makubwa, idadi ya vitabu vya Torati. Nje ni kuta za kawaida, ilhali ndani mna nakshi na dhahabu.

Wageni huchanganywa na majina: Ghetto Nuovo, yaani "Jipya", ndilo lililotangulia, na Ghetto Vecchio, "la Kale", liliongezwa mwaka 1541 kwa ajili ya wafanyabiashara Wayahudi kutoka milki ya Waosmani. Upya na ukale huo ni wa viwanda vya shaba, si wa makazi ya Wayahudi.

Malango yaling'olewa mwaka 1797, majeshi ya Napoleon yalipoutwaa mji. Miaka ya 1943 na 1944 Wayahudi zaidi ya 200 walikamatwa Venice na kupelekwa kwenye kambi za mauaji za Wanazi. Waliorudi ni wanane tu. Kwenye njia nyembamba ya kuingilia Ghetto Vecchio, mashimo ya bawaba za lango bado yanaonekana ukutani, na mimi huanzia hapo kila ninapowaonyesha wanafunzi mtaa huu.